Sheikh, Nina Usonji: Je, Kutotoa Mkono Msikitini ni Kiburi?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Tanga, kazi yangu ni ufundi wa simu. Mwaka jana daktari mmoja wa Dar es Salaam alinichunguza siku mbili, akaniambia nina usonji (autism) na kwamba nimezaliwa nao. Mimi nilifurahi, maana nilipata jina la kitu nilichokuwa nacho siku zote. Nyumbani hawakufurahi.

Napenda kuswali. Shida yangu ni msikiti. Una feni 11, na ya tatu kutoka mihrabu inagonga kila inapozunguka. Spika zimefungwa ndani, na watu wakiitikia "Aamiin" kwa pamoja nasikia kama sindano masikioni. Mtu akinigusa bega ghafla, swala yote inanitoka. Imamu akishatoa salamu naondoka haraka. Simpi mtu mkono, na simtazami mtu machoni, kwa sababu nikimtazama sisikii anachosema. Wazee wanasema nina kiburi. Mmoja alinivuta mkono mbele ya watu akasema, "Wewe nani hata usitupe mkono?" Tangu siku hiyo sijaenda Ijumaa, wiki ya saba sasa. Nimesoma kwamba anayeacha Ijumaa tatu moyo wake hupigwa muhuri. Silali vizuri.

Nikiwa na wasiwasi vidole vinatikisika na mwili unayumba, hata ndani ya swala. Mama anasema ni shetani, anataka twende kijijini kwa mtu anayepunga. Naogopa kumuasi mama. Halafu kuna binti nataka kumposa. Je, ni lazima kwao niwaambie?

Swali la mwisho: Mwenyezi Mungu ananikubali hivi nilivyo, au nangojewa nipone kwanza?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma baada ya Alfajiri. Adhuhuri nilipoingia msikitini kwetu nilikaa kwenye safu ya pili, nikanyamaza, nikasikiliza. Miaka 19 naswalisha hapa, na sijapata kusikia kwamba feni ya karibu na nguzo inalia. Inalia. Ukishaisikia huwezi tena kuacha kuisikia, nami siku hiyo niliswali sunna rakaa mbili nikiwa naihesabu mizunguko. Nikakuelewa kidogo, kwa dakika tano tu, jambo unaloishi nalo kila siku.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo. Hungojewi. Sijui aya wala hadithi inayomwambia mja abadilike maumbile kwanza ndipo apokelewe. Mola wetu anasema katika Suratul Baqara, aya ya 286, kwamba haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Nafsi imetajwa moja, na uwezo uliotajwa ni wa nafsi hiyo hiyo. Wewe hutapimwa kwa kibaba cha jirani yako wa kwenye safu.

Sahaba Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ataa, "Nikuonyeshe mwanamke katika watu wa Peponi?" Akamwonyesha mwanamke mweusi. Huyo mama alikuwa na kifafa. Alimwendea Mtume, rehma na amani zimshukie, akasema, "Mimi huanguka, na ninapoanguka hufunuka nguo, niombee kwa Mwenyezi Mungu." Mtume akampa hiari: ukitaka utasubiri nawe upate Pepo, ukitaka nitakuombea upone. Akachagua kusubiri, kisha akasema, "Lakini mimi hufunuka, niombee nisifunuke." Mtume akamwombea hilo. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Wahubiri wengi huitumia hadithi hii kufundisha subira, na ni haki yao. Mimi moyo wangu hukwama kwenye lile ombi la pili. Ugonjwa ulibaki, na yule mama akaombewa stara, aondokewe na kile kilichomdhalilisha mbele ya macho ya watu. Usonji si kifafa, na wengi walio nao hawapendi hata uitwe maradhi, kwa kuwa ni namna ubongo ulivyoumbwa na kukua tangu utotoni. Lakini nikiisoma barua yako naona unaomba kile kile alichoomba mama yule: kuishi na hali yako bila kuaibishwa. Ombi hilo lina asili katika dini, na aliyeliitikia ni Mtume mwenyewe.

Sasa kiburi. Neno hili watu wanalitupa ovyo, na ni neno zito, maana Mtume alisema hataingia Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni.  Mtu mmoja akauliza, mtu anapenda nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, je, hicho ni kiburi? Mtume akamfafanulia: kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Imo katika Sahihi Muslim. Basi jitazame. Je, unaikataa haki? Unawadharau hao wazee? Mtu anayewadharau watu hakosi usingizi kwa ajili yao. Wewe unakwepa mkono kwa sababu mguso unakuumiza, unakwepa jicho ili usikie maneno ya mwenzako vizuri zaidi. Hapo hakuna kiburi hata chembe. Namuombea msamaha yule mzee aliyekuvuta mkono, kwani hakujua, lakini nasema wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kukuaibisha mbele ya watu ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Kifiqhi jambo lenyewe ni jepesi. Kuitikia salamu ni wajibu, ipo katika Suratun Nisaa aya ya 86. Kupeana mikono ni sunna yenye fadhila, na mwenye udhuru akiiacha hana dhambi. Itikia kwa sauti ya kusikika, weka mkono wako wa kulia kifuani kama wafanyavyo watu wa pwani wakisalimiana kwa mbali, inatosha. Kutazamana machoni si wajibu wala sharti la adabu katika dini yetu. Ndani ya swala sunna ni kutazama mahali pa kusujudu, jambo ambalo bila shaka wewe unatushinda.

Na Ijumaa. Kwanza niuondoe huo muhuri kifuani pako. Hadithi uliyoisoma wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, na ndani yake mna neno ambalo wasimuliaji wa vijiweni hulidondosha: atakayeacha Ijumaa tatu *kwa kuipuuza*. Kupuuza ni kuiona Ijumaa si kitu. Anayekaa nyumbani akisikia adhana huku anaumia kwamba hayumo, huyo hakuipuuza.

Pili, udhuru. Sisi huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i, na wanazuoni wa madhehebu haya wameweka kipimo ambacho ningependa kila msikiti ukijue. Wamesema maradhi yanayomwondolea mtu wajibu wa kuhudhuria jamaa na Ijumaa si lazima yafike kiwango cha kushindwa kusimama. Yanatosha yakiwa na taabu inayolingana na taabu ya kutembea kwenye mvua inayorowesha nguo. Siku moja ya Ijumaa yenye mvua Ibn Abbas alimwagiza mwadhini badala ya kuita "njooni kwenye swala" atangaze "swalini majumbani mwenu". Watu wakashangaa, naye akawaambia kwamba aliye bora kuliko yeye amefanya hivyo, akimaanisha Mtume, na kwamba hakupenda kuwatoa watembee kwenye matope. Sasa mimi nauliza: kama matope ya miguuni ni udhuru, sindano za masikioni zimekuwaje? Rai yangu ni kwamba mtu mwenye usonji ambaye kelele na msongamano humletea taabu ya kweli, mpaka akachanganyikiwa au akashindwa kuswali, ana udhuru siku hiyo, na ataswali Adhuhuri rakaa nne. Ijumaa saba zilizopita, mwanangu, kama uliswali Adhuhuri, hudaiwi kitu. Kama kuna siku hukuiswali, ilipe, na mlango wa toba uko wazi.

Lakini sitaki uishie kwenye udhuru. Udhuru ni kivuli cha kupumzikia njiani. Watu hawajengi nyumba kivulini. Najua utaniletea hadithi ya Ibn Ummi Maktum, kwa sababu mtu anayehesabu feni hakosi kuhesabu na hadithi. Huyu alikuwa kipofu, hana wa kumwongoza, akaomba ruhusa ya kuswali nyumbani; Mtume akamruhusu, kisha akamwita tena akamuuliza, "Unasikia adhana?" Akajibu, naam. Akamwambia, "Basi itikia." Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameeleza kwamba jibu la wanazuoni wengi ni kuwa Ibn Ummi Maktum alikuwa akiuliza kama atapata fadhila za jamaa ilhali ameswali nyumbani kwa udhuru wake, akaambiwa hapana; udhuru wenyewe haukukanushwa. Itban bin Malik naye macho yalikuwa yamemdhoofu, na mvua ikinyesha bonde linajaa maji asiweze kuvuka kwenda kuwaswalisha watu wake. Akamwomba Mtume aje aswali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa swala. Mtume akaenda. Alipoingia hakukaa, akauliza, "Wapi unapenda niswali katika nyumba yako?" Itban akamwonyesha pembe moja. Hii nayo imo kwa Bukhari na Muslim.

Mimi nimesoma hadithi hiyo tangu nina miaka 15, na swali lile la Mtume nililipita kila mara kama mtu anavyopita mlango wa jirani. *Wapi unapenda.* Angeweza kuswali popote, nyumba nzima ingepata baraka. Alimuuliza mwenye shida mahali panapomfaa. Na si mara moja. Sahaba Anas anasimulia katika Sahihi Muslim kwamba kulikuwa na mwanamke ambaye katika akili yake mlikuwa na kitu. Hivyo ndivyo Anas alivyosema, "kitu", hakuongeza jina la kumdhalilisha. Akasema, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, nina haja nawe. Mtume akamwambia, "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nami nitakutimizia haja yako." Wakasimama pembeni mwa njia mpaka akamaliza la kwake. Mahali alichagua yeye.

Kwa hiyo nakuuliza na mimi: katika msikiti wenu, wapi unapenda kuswali? Mwisho wa safu karibu na ukuta, ambapo bega moja tu litaguswa? Nyuma karibu na mlango? Kubana safu ni sunna iliyotiliwa mkazo, lakini pengo lililoachwa kwa udhuru halibatilishi swala ya mtu. Mwaka 2020, kwa hofu ya korona, watu waliswali wakiachana nafasi hata mbele ya Al-Kaaba, na wanazuoni walisema swala ni sahihi. Tuliyoyaweza kwa ajili ya maradhi tusiyoyaona, hatushindwi kuyafanya kwa ajili ya ndugu tunayemwona. Ukiswali peke yako nyuma ya safu, katika madhehebu yetu swala inasihi, na karaha yake huondoka kwa udhuru.

Vizibo vya masikio unaweza kuvivaa, havina ubaya, maadamu unafuata mienendo ya imamu. Ijumaa si lazima uje mapema siku ambayo huwezi. Kuwahi ni fadhila kubwa, lakini ukifika khutba inakaribia mwisho ukaswali na watu, umeipata Ijumaa. Hata ukidiriki rukuu ya rakaa ya pili pamoja na imamu umeipata, utaongeza rakaa moja baada ya salamu yake. Na kabla ya hapo, nenda siku ya kawaida, saa nne asubuhi, msikiti ukiwa mtupu na feni zimezimwa. Kaa. Swali rakaa mbili mahali utakapopachagua, ili mwili upazoee kabla watu hawajaja.

Kuhusu vidole na kuyumba: vitabu vyetu vinasema mtikisiko wa vidole peke yake, kiganja kikiwa kimetulia, haubatilishi swala hata ukirudiwa. Kinachobatilisha ni miondoko mikubwa mitatu mfululizo kwa asiye na udhuru. Na wametoa mfano wa mtu mwenye upele mkali asiyeweza kujizuia kujikuna: huyo amesamehewa. Kama mwasho wa ngozi umesamehewa, basi mtikisiko unaokujia bila kuutaka una haki zaidi. Jaribu kadiri uwezavyo kutulia, na usilolimudu, usirudie swala kwa ajili yake. Nakukataza kabisa kurudia swala. Mlango huo ukishafunguka, wasiwasi huingia na mizigo yake yote.

Niliposoma neno "kuyumba" kwenye barua yako, kuna mtoto aliyenijia. Nilikuwa kijana, nafundisha chuo cha Qur'ani jioni. Watoto 40 na zaidi kwenye mikeka miwili, wote wakisoma kwa sauti moja. Mmoja wao, kama miaka minane, alikaa nyuma akiyumba mbele na nyuma, na sauti zikipanda aliziba masikio kwa viganja. Nilimwona ni mkaidi. Wakati mwingine alitoka nje bila ruhusa, na tulipomaliza tulikuta kandambili zote zimepangwa ukutani, jozi kwa jozi, za bluu mahali pake, nyekundu mahali pake, ndogo mbele kubwa nyuma. Watoto walilalamika kwamba anavichezea viatu vyao. Nikamchapa. Fimbo tatu za mkononi. Hakulia, aliutazama tu mkono wake kama si wa kwake. Kesho yake hakuja. Baada ya wiki kadhaa nikakutana na mama yake sokoni, akaniambia, "Maalim, kila jioni anavaa kanzu yake, anakaa kizingitini mpaka adhana ya Magharibi, kisha anaivua." Nami sikwenda kumchukua. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye, redioni, na nilipolisikia nilijua hali ya yule mtoto inaitwaje. Walihama, sijui walikwenda wapi. Namuombea kila Ramadhani, na kama yu hai na anasoma haya, naomba anisamehe.

Ndiyo maana sitaki kukuambia usubiri watu wakuelewe. Mimi nilikuwa nimehifadhi Suratu Abasa wakati nampiga mtoto yule. Sura ile iliteremka kwa sababu ya kukunja uso tu. Ibn Ummi Maktum alimjia Mtume akiwa anazungumza na wakubwa wa Makureshi, Mtume akakunja paji na kugeuka. Kipofu hakuliona paji lile. Hakujua kama amekunjiwa. Mola wake alijua, akateremsha Qur'ani inayosomwa mpaka leo. Nawaambia ndugu zangu maimamu na walimu wa vyuo: mtu mwenye usonji huenda asiusome uso wako ulivyokunjamana. Lakini upo uliposomwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Msikiti wetu Ijumaa huingia watu kama 600. Kwa hesabu hiyo wangepaswa kuwamo wanne au watano. Mimi simjui hata mmoja. Ama wamo na wanajificha, ama wako vizingitini wamevaa kanzu.

Kwa mama yako, kuwa mpole kuliko unavyodhani inahitajika. Mama anapohangaika kwa waganga mara nyingi anakimbia swali moja linalomla ndani: nimekosea nini hata mwanangu akawa hivi? Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, haikupita miaka mingi wakatokea wataalamu wakasema usonji unaletwa na ubaridi wa mama kwa mwanawe. Akina mama walibebeshwa lawama hiyo miaka mingi mpaka utafiti ukaikanusha. Basi mwambie mama kwamba hakukosea, si yeye, si laana, si jicho la jirani. Kupunga siruhusu. Panapoitwa majina ya mashetani, pakachinjwa kwa ajili yao, hapo ni shirki, na Mtume amesema anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Mzazi hatiiwi katika hilo, ila Suratu Luqman aya ya 15 inatuamrisha tuendelee kuishi naye kwa wema hata hapo. Na kupigwa au kufungwa kwa kisingizio cha kumtoa jini ni dhuluma, mwenye kuifanya atajibu.

Badala ya safari ya kijijini, mwombe mama akusomee yeye mwenyewe. Kisomo kisicho na shirki kinaruhusiwa, na dua ya mzazi ina mahali pake kwa Mungu. Akae ng'ambo ya chumba kama mguso ni mzito kwako, asome Ayatul Kursiy, Falaq na Naas kwa sauti yake ya chini, jioni. Asisome akitarajia kesho uamke mtu mwingine. Asome ili mlale salama nyote wawili. Nadhani hilo litampa kitu cha kufanya kwa mikono yake, na ndicho anachokitafuta.

Posa: mwambie binti na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, kabla ya kupeleka barua. Usonji haumo katika aibu ambazo wanazuoni wetu wamezitaja kuwa zinampa mke haki ya kuvunja ndoa, kwa hiyo ndoa yako itasihi kwa hali yoyote. Lakini Fatima binti Qays alipomshauri Mtume kuhusu wachumba wake, Mtume alimweleza hali ya kila mmoja bila kificho, huyu hana mali, yule fimbo yake haishuki begani. Haki ya kujua ni ya anayekwenda kuishi na mtu. Usimpe jina la hospitali peke yake, mweleze maisha: kelele za harusi zitanichosha, nikirudi kazini nahitaji saa moja ya ukimya, nikinyamaza sijakasirika. Akikubali amekukubali wewe. Akikataa, amekukatalia kwa haki yake, na riziki yako iko kwingine.

Neno kwa wazazi watakaosoma jibu hili wakiwa na mtoto mwenye usonji mzito, asiyesema, asiyejua swala ni nini. Huyo kalamu imeinuliwa kwake kama ilivyoinuliwa kwa mtoto mdogo. Hadithi yake ni mashuhuri. Hadaiwi swala wala saumu. Lakini asifungiwe ndani kwa kuwa hadaiwi. Bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume hakuchapwa, waliagizwa ndoo ya maji. Mleteni, na mtu akikunja uso, ndoo ya maji ipo.

Naona kuongea na watu ana kwa ana kunaweza kuwa kuzito kwako, basi nimeandika maneno haya umtumie imamu wako kwa simu:

"Assalaamu alaykum, imamu mheshimiwa. Kijana anayekutumia maneno haya ana usonji. Amekosa Ijumaa kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya kuvutwa mkono mbele za watu. Sikuombi ubadilishe swala. Naomba spika za ndani zishushwe sauti, hasa siku ambazo watu si wengi wa kuzihitaji. Feni ya tatu kutoka mihrabu inagonga, itafutiwe fundi. Ukitaka kuwaeleza watu kuhusu usonji, waeleze, ila usimtaje wala usimsimamishe. Siku atakayorudi, usimkaribishe kwa kipaza sauti. Mwendee kwa mbele akuone unakuja, simama hatua mbili, mtolee salamu, mkono wako uweke kifuani. Muulize kwa sauti ya chini anapenda kuswali wapi. Akishakuonyesha, mwachie hapo. Wassalaam."